Maji ya Bafu la Mwisho: Maisha ya Fundi Koki

Fundi tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba yake. Alikuwa wa tatu kati ya watoto sita. Mama yake alisema alizaliwa kimyakimya, kelele akaja kuzifidia ukubwani.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu ufundi bomba mwaka 1977. Chuoni ndiko alikopata jina la Koki, kwa kuwa hakuweza kulipita bomba linalodondosha maji. Wenzake wakienda kula, yeye yuko uani anakaza. Jina likamganda, na hata mkewe alilitumia akikasirika.

Alihudumu idara ya maji hadi 1995, kisha akajitegemea. Nyumba zenye mabafu mengi ndizo alizozipenda. Kabla ya kugusa ukuta aliwauliza wenyewe maswali yaliyofanana na umbea: nani huamka wa kwanza, nani huoga akiimba, nani hununa akikosa maji. Kumbe alikuwa anapima unene wa bomba litakalowatosha wote. “Maji ya moto ni starehe,” alizoea kusema. “Ya baridi yakikosekana, hiyo si nyumba.”

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na mshonaji nguo. Siku ya kwanza ukweni, kabla hajapewa kiti, alisikia maji yakidondoka uani, akauliza koki kuu iko wapi. Baba mkwe akamgeukia mkewe: “Huyu kaja kuposa au kutukatia maji?” Walijaliwa binti, ambaye naye ni fundi bomba, mapacha wa kiume, na kitinda mimba wa kike.

Lakini mganga hajigangi. Nyumba yao iliongezwa chumba baada ya chumba, na kila mara Koki alichomeka bafu jipya kwenye bomba lilelile jembamba. Bafu la mkewe likawa la nne, mwisho kabisa. Mapacha wakifungua kwao, kwa mama linabaki tone. Mke wa fundi bomba akaogea ndoo miaka nenda miaka rudi. Mashoga zake walipomtania, alijibu, “Mume wangu ni wa watu.” Wao walicheka. Marehemu ilimuuma, ila kila alipotaka kuanza, aliitwa nyumba ya mwingine.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza ngazi na mizigo. Hapo ndipo alipoanza kazi ya nyumbani kwake. Aliketi uani, akachora kwa chaki sakafuni: bomba nene kutoka kwenye tangi, na kila bafu na tawi lake na koki yake ya kufungia. Binti yake akalaza mabomba.

“Baba, hebu ingia ndani ulale kidogo.”

“Mama yako ameogea ndoo tangu hujaota meno. Kaza hapo.”

Alikataa kujaribu bafu mojamoja, akisema bomba husema ukweli nyumba ikijaa watu. Akawaita watoto wote waje Jumamosi, tarehe 8 Juni, wafungue kwa pamoja.

Alifariki hospitalini siku ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe. Alikuwa amemwambia, “Nimekuchelewesha, mama watoto.” Naye akamjibu, “Sikuolewa na bomba. Niliolewa na wewe.”

Ameacha mjane, watoto wanne, wakwe wawili, wajukuu saba na ndugu watatu. Pengo lake ni kubwa, na tunaumia.

Jana Jumamosi watoto walikuwepo wote, kama walivyoitwa. Asubuhi nyumba ilijaa wafiwa, na bila mtu kupanga, mabafu yote manne yakafunguliwa kwa wakati mmoja. Binti yake alisimama nje ya bafu la mwisho, akagonga.

“Mama, yanatoka?”



“Yanatoka, mwanangu. Kwa nguvu. Niache nilie humu kidogo.”

Basi apumzike kwa amani, fundi wetu. Kazi imekubali.