Hija za Kisimani za Marehemu Nonie Maughan

Padri, ndugu na majirani, marehemu Nonie alizaliwa tarehe 3 Februari 1951, ndani ya gari la farasi kando ya barabara ya Tuam, mtoto wa nne wa Dinny na Winnie Ward, shule akasoma miezi mitano tu, kwa sababu sisi Wasafiri, watu wa kuhamahama na magari yetu, tulikuwa tunafukuzwa kabla mwalimu hajashika majina yetu.

Kazi yake ilikuwa kuuza mazulia nyumba kwa nyumba, na tarehe 9 Septemba 1969 alifunga ndoa na Miley Maughan, muuza farasi, wakajaliwa wavulana saba.

Mwaka 2009 mdogo wake Bid, ndiye huyu anayewasomea, alikuwa amejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na mbili, anasoma kila kitu hadi mfuko wa sukari, akaikuta barua chini ya birika la Nonie, wote walidhani ni ya kutufukuza kwenye uwanja tulikopiga kambi, kumbe Nonie anaitwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, bure.

Kwetu mambo hayo hayatajwi wanaume wakiwepo, basi Nonie akaaga kwamba anaenda kuomba kwenye kisima cha Mtakatifu Brigida, na Miley akasema, "Mwombee na yule farasi wangu jike, mguu umevimba."

Nesi alitumia kijibrashi, dakika tano, hakuna kisu, Nonie akarudi na chupa ya maji ya bomba la kliniki, farasi akanyweshwa, akapona.

Miley akausimulia muujiza huo kila mahali, wanaume wa uwanja mzima wakaanza kuwahimiza wake zao, "Nenda kisimani, mama, usisahau chupa," na wanawake kumi na mmoja wakapimwa.

Majibu ya Nonie yalionyesha seli zimeanza kubadilika, saratani ilikuwa haijafika, daktari akaziondoa, na safari hiyo Miley aliambiwa ni hija ya shukrani.

Akaishi miaka kumi na tano zaidi, moyo ukamchosha, akafariki hospitalini Galway tarehe 14 Machi 2024, akiwa amemwagiza Bid, "Soma yote, wake wawili wa wanangu wanaficha barua zao za kupimwa, na Miley akizimia mpeni kiti."

Shemeji Miley, pole, kaa.

Tunawashukuru madaktari, nesi Philomena, majirani waliotuletea chai na mikate, na wauza mazulia wenzake, na Jumatano saa tatu asubuhi gari litaondoka hapa getini kwenda kliniki, wale wawili walikubali jana mbele ya jeneza, Bid mwenyewe aliwasomea barua zao, neno kwa neno.

Lala kwa amani, dada, wanakwenda.