Mtunza Picha na Picha ya Mama Yake

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mlioomba ruhusa kazini ili mfike, familia imenipa mimi, kitinda mimba wa mama yetu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na ingawa riziki yangu ni cherehani na si kalamu, nimeyaandika mwenyewe, kwa sababu marehemu aliniusia nisimpe mtu wa gazeti ayaandike.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya zahanati ya misheni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba yetu, aliyekuwa seremala, na mama yetu, aliyekuwa mkunga wa zahanati hiyohiyo. Kabila letu ni dogo, mnalijua, na majina tunayobandikwa na wengine mnayajua pia, sitayarudia mbele ya jeneza.

Mwezi Juni 1957 alifika mpiga picha wa serikali ya kikoloni, akamkuta mama ndiyo kwanza ametoka zamu, amevaa gauni la kazi na viatu vya kamba, na dada yetu, mtoto wa miaka minne, kamshika upindo wa nguo. Kupitia mkalimani alimwambia mama avue viatu, avue na gauni, ajifunge shuka, kwa kuwa hivyo alivyokuwa hakufanana na watu wake. Mama alikataa, daktari wa zahanati akamwambia asiwacheleweshe wageni, akavua. Ndiyo picha ile mnayoifahamu, mama peku, uso umekunjamana kwa hasira, na ukingoni vidole vya mtoto, maana mtoto mwenyewe alikatwa nje ya picha. Hasira ile, kwa miaka sitini na mitano sasa, imeitwa njaa.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1961, akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1968, akamaliza mwaka 1971 kwa daraja la kwanza. Alipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa jiografia aligawa kitabu kipya, kilichoandikwa baada ya uhuru na wasomi wetu wenyewe, na katika sura ya jamii zilizobaki nyuma, mama alikuwamo, na shuka lake. Darasa likacheka. Dada alinyoosha mkono akasema, “Mwalimu, huyu ni mama yangu. Ni mkunga.” Mwalimu akamjibu, “Kaa chini, kitabu hakikosei.” Alikaa. Aliniambia baadaye kwamba wakoloni hakuwahi kuwategemea kwa lolote, kilichomchoma ni kwamba kitabu kile kilikuwa chetu.

Baada ya kupata cheti cha ukutubi mwaka 1974, aliajiriwa tarehe 3 Februari 1975 na gazeti la kila siku, katika chumba cha picha, ghorofa ya pili, chumba kisicho na dirisha, chenye makabati kumi na sita ya chuma na harufu ya dawa za kusafishia picha isiyotoka kwenye nywele hata kwa sabuni. Siku ya nne ya kazi alivuta droo ya kabati iliyoandikwa Njaa, akamkuta mama. Nakala nyingine ilikuwa kwenye Magonjwa, nyingine kwenye Mila, na nyuma ya zote tatu pameandikwa, mwanamke, hajulikani. Akafuta, akaandika kwa wino jina kamili la mama, kazi yake, mahali na mwaka, kwani alidhani, kama tulivyodhani sote, kwamba watu wa gazeti walikuwa hawajui tu, na mtu asiyejua huelezwa.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na fundi mitambo wa kiwanda cha kuchapia gazeti hilohilo, na walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa 1980, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa 1983, ambaye ni mpima ardhi.

Miaka ikaenda, na picha ikaenda nayo. Ukame ukiingia, mama, kipindupindu kikizuka, mama, kukiandikwa habari za watu wasiopeleka watoto shule, mama yuleyule aliyesomesha wanne. Kila ilipoombwa, dada aliipeleka kwa mkono wake, kwa kuwa ndiyo kazi, na kila mara alimwambia mhariri wa zamu ageuze asome nyuma. Mmoja alimjibu, “Dada, msomaji anataka uso, na huu uso unaongea.” Unaongea, lakini hakuna aliyeuuliza unasema nini.

Tarehe 11 Novemba 1992 picha ilitoka ukurasa wa kwanza, na chini yake maneno kwamba mwanamke huyu alifariki kwa njaa saa chache baada ya kupigwa picha. Mama wakati huo alikuwa na miaka sitini na mmoja, mstaafu, mzima wa afya. Mchana huo kina mama wa mtaani walifika wakilia, akawafungulia mlango mwenyewe, akawauliza nani amekufa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama alilichukua gazeti, akasoma, hakucheka.

Siku mbili baadaye alipanda gari hadi ofisi za gazeti, amevaa lile gauni la kazi na viatu vilivyopigwa kiwi, akapita mapokezi bila kuomba, akasimama mbele ya mhariri mkuu, dada yetu kando yake.

“Mimi ndiye marehemu,” alimwambia. “Nimekuja mnizike.”

Mhariri aliagiza soda. Alisema, “Mama, tulia, ile ni picha ya mfano tu.”

“Sura ni yangu.”

“Sura ni yako, lakini habari ni ya watu wenu kwa jumla.”

“Watu wetu kwa jumla hawana sura?”

Mhariri alitazama saa. Soda mama hakuigusa. Masahihisho yalitoka ukurasa wa kumi na saba, chini ya matangazo ya vyeti vilivyopotea, mistari miwili, na baada ya miezi minane picha ikatumika tena.

Hapa kuna jambo ambalo familia ilijadili kama lisomwe, na aliyesema lisomwe ni shemeji yangu, aliyekaa kiti cha mbele, akaniambia, “Usinifiche.” Ukurasa ule wa Novemba aliuchapa yeye. Dada alimuuliza, “Uliuona?” Akajibu, “Niliuona. Mimi kazi yangu ni kuwasha mashine.” Tangu siku hiyo dada alimpikia, alimpigia pasi, aliwauguza wakwe zake wote wawili mpaka wakazikwa, ila neno mume wangu hatukulisikia tena kinywani mwake.

Mama alifariki, safari hii kweli, tarehe 2 Aprili 1998, na gazeti halikuandika hata mstari. Tarehe 6 Oktoba 2003 marehemu alizitoa nakala zote tatu pamoja na filamu yake, akazitia kwenye mfuko wa sokoni, akatoka nazo mlango wa mbele, na kesho yake akaripoti mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia kwa upole, “Mama, umehangaika bure, ilishaingizwa kwenye kompyuta tangu Machi.” Alistaafishwa tarehe 31 Desemba mwaka huo, baada ya miaka ishirini na minane na miezi kumi.

Kuanzia 2005 hadi 2011, kwa kamera aliyonunua mwenyewe, alizunguka nyumba kwa nyumba katika watu wetu, akapiga picha za watu mia mbili na kumi na wawili, mafundi, walimu, bibi mwenye mashine ya kusaga, kila mmoja akaulizwa avae nini na asimame wapi, na kila jina likaandikwa. Alizipeleka gazetini. Mhariri mpya, kijana msomi, alizisifu sana, kisha akasema kwamba tatizo wamevaa vizuri mno, wanaweza kuwa watu wowote. Dada akamwambia, “Ndiyo maana nilizipiga.” Hazikutoka. Zipo kwa binti yake, zote. Ile nyingine inatumika bado, mwaka jana ilitoka mara mbili.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya wilaya, na aliaga dunia Jumatatu tarehe 9 Mei 2022, saa nne asubuhi, wodi namba nne, akiwa na miaka sitini na tisa. Wiki moja kabla aliniambia, “Usije ukasimama mbele za watu ukasema nilishinda. Nilishindwa. Sema nilishindwa na nani.” Nimesema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopokezana kumkalisha kwenye gari kila Jumanne na Ijumaa, na wafanyakazi wenzake wa zamani, hasa dereva na mpiga chapa waliokuja kumtazama mpaka mwisho. Tunalishukuru na gazeti, ambalo limetuma shada la maua na mpiga picha. Mpiga picha huyo, asubuhi hii, alimuuliza binti wa marehemu kama kuna wazee waliovaa kiasili wasogee karibu na jeneza, na binti akamjibu kwamba tumevaa tulivyovaa. Ndugu mpiga picha, nakuona hapo mlangoni. Viti vipo, funga kamera, keti nasi, na ukitaka kujua nani ni nani, utatuuliza mmoja mmoja tukimaliza kuzika.

Dada, umechoka, na haki ya kuchoka unayo. Lala kwa amani, sisi tuliobaki hatujatulia.