Risala ya Wafugaji wa Shar Us Kuhusu Gari Lililonyweshwa Chai

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Enebish, Mkuu wetu mpya wa Wilaya. Mwenyekiti wa kata. Wazee wetu, akina mama, na ninyi mliotandika farasi tangu alfajiri ili muwahi:

KUKUKARIBISHA

Karibu Shar Us, Mheshimiwa. Tunajua umesafiri kilomita tisini, na tunajua mgongo unakuuma, maana njia hiyo nasi tunaifahamu. Nyama inachemka, na mafuta ya mkia wa kondoo tumekuwekea wewe.

Risala hii ni ya kaya arobaini na moja. Anayekusomea ni Narangua, mke wa Damba. Hatukumchagua kwa ajili ya sauti. Ana ujauzito wa miezi minane na nusu, na tulitaka ulione hilo kwa macho yako kabla hujatoa kalamu, kwa sababu tumesikia umekuja na karatasi ya kuuza gari letu.

GARI LENYEWE

Gari hili tunaliita Kijivu. Lilitufikia miaka ishirini na sita iliyopita, likiwa limeshachoshwa na wengine. Kwa karatasi ni mali ya wilaya. Dereva wake tangu siku ya kwanza ni mzee Gombojav, ambaye sasa ana miaka sitini na nane. Injini yake iko ndani, katikati ya viti vya mbele, na kifuniko chake hupata moto, ndiyo maana watoto wanaokwenda bweni hugombania kukikalia. Lilitengenezwa kwa watu kumi. Tumewahi kupanda kumi na tisa pamoja na mbuzi. Kosa hilo tunalikiri, na mbuzi tulishamla.

MAFANIKIO

Kijivu limewafikisha hospitali wajawazito thelathini na wanne. Hakuna hata mmoja aliyejifungulia nyikani. Kabla ya hapo hali ilikuwa nyingine. Wazee wetu hawapendi izungumzwe mbele ya mjamzito, kwa hiyo hatukuiandika.

KILICHOLIPATA

Aprili iliyopita Gombojav alikuwa akimkimbiza Munkhjin, ambaye uchungu ulikuwa umeshamshika. Katikati ya safari mpira wa maji ukapasuka. Waliufunga kwa ukanda wa ngozi, lakini maji ya rejeta yote yalikuwa yamekwisha. Theluji ilishayeyuka, vijito vilikuwa vikavu, na kulikuwa na upepo wa vumbi tu. Ndani ya gari walikuwamo watu sita, na kila mmoja alikuwa na chupa yake ya chai ya maziwa na chumvi, kwani hapa hakuna anayesafiri bila hiyo.

"Mimina," alisema Bi Tsevelmaa, mkunga wetu.

"Mama, hii ni injini, siyo mgeni!" Gombojav akapinga.

"Leo ni mgeni. Mimina, au mtoto azaliwe hapa hapa na kitovu ukate wewe."

Wakamimina chupa zote sita. Kijivu likafika hospitali likinuka maziwa yaliyoungua, na kabla saa haijaisha Munkhjin akapata binti.

Hapo ndipo tulipokosea. Badala ya kuisafisha injini, Gombojav alipita kwa kila ndugu wa mtoto pale makao makuu ya wilaya, akanywa kwa heshima ya kila mmoja, na ndugu walikuwa wengi. Ikawa siku tatu. Siku ya nne akawasha gari arudi, likachemsha kabla ya daraja. Fundi Shagdar alipofungua injini alikaa chini kwanza.

"Miaka thelathini nafanya kazi hii," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza nakuta jibini."

Njia za maji zimeziba, gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Tangu siku hiyo Kijivu hutembea nusu saa, kisha huzimika.

MVUTANO WETU

Mheshimiwa, tunajua amepatikana mnunuzi wa mjini anayetaka kulipaka maua na kulisimamisha mbele ya mgahawa wake. Tunajua pia wilaya itapata gari jipya litakalokaa makao makuu, tuwe tunaliita kwa simu. Tulikutana Jumamosi kulijadili, na hatutakuficha: kura ya kwanza wengi walitaka Kijivu liuzwe. Aliyetangulia kunyoosha mkono ni Gombojav.

"Ninyi mnalipenda kwa sababu mnakaa juu yake," alisema. "Mimi nalala chini yake. Vidole hivi siku za baridi haviisikii hata spana."

Tuliona aibu, kwa sababu miaka yote hiyo hatukuwahi kumuuliza.

Bi Tsevelmaa akasimama. "Siku mtoto alipozaliwa nililifunga kitambaa cha buluu kwenye usukani. Mnyama aliyefungwa kitambaa hauzwi, hachinjwi. Mmesahau mila?"

"Gari siyo mnyama, mama," alisema Gombojav.

"Mbona asubuhi likigoma unaliita fahali?"

Tulicheka sana, ila hoja yake haikupita. Kilichotugeuza ni swali la Narangua. Simu hapa hushika mtandao juu ya kilima tu. Aliuliza ni nani atakayepanda kule kwenye upepo kuita gari, na hilo gari litatumia saa ngapi kuja, kabla hata ya kuanza safari ya kurudi naye. Gombojav alivua kofia, akaivaa tena.

"Baridi moja," alisema. "Nitalala chini yake msimu mmoja tu wa baridi. Mei mliuze, hata mkitaka lipakwe maua tumboni."

Kura ya pili haikupingwa na mtu.

MAOMBI

Tunakuomba usitie saini leo, usubiri hadi Mei. Nyuma ya chumba cha makaa cha shule ya wilaya kuna gari kama letu, bodi limeoza lakini injini ni nzima. Tupatie injini hiyo. Shagdar ameikagua na anasema kuifunga ni kazi ya siku nne. Utuletee pia dereva ajifunze kwa Gombojav, mzee huyu apumzike.

Ombi la mwisho si la kujibiwa kwa barua. Hizo siku nne, Narangua huenda hana. Leo hapa Shar Us gari linaloweza kufika hospitali ni lako peke yake. Iwe umetia saini au hukutia, tunakuomba uondoke naye. Bi Tsevelmaa atakaa naye nyuma, na akikuambia mpunguze mwendo, mpunguze. Akikuambia msimame, msimame, usiulize. Utakapofika, Mheshimiwa, utakuwa umejua kilomita tisini zina urefu gani, na karatasi yako utaisoma upya.

Njia yako iwe nyeupe kama maziwa, mifugo yako inenepe, na nyumbani kwako wote wafike salama.

Ni sisi, wafugaji wa Kata ya Shar Us.
Imesomwa na Narangua, aliyeletewa kiti akakataa kukaa.