Mama Bibiana na Panka la Kwamsala

Baba Padre, wafiwa wenzangu, majirani wa Ngamiani na wote mliotoka mbali, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Ernesti, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya mama yetu hapa duniani.

Mama Bibiana Zabron Ndimuligo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika kambi ya wakata mkonge ya shamba la Kwamsala, Pangani, akiwa mtoto pekee wa Mzee Zabron, aliyeletwa kutoka Kasulu kama manamba, na mkewe Skolastika. Maji ya kambi yalivutwa kisimani na kinu cha upepo, mnara mrefu wa chuma wenye mapanga juu, ambao wenyewe waliuita panka, na mama alipenda kutuhadithia jinsi panka hilo lilivyolia kama bata kusi ilipovuma, na wanawake walivyopanga ndoo zao chini yake wakiimba nyimbo za makwao, kila mmoja kwa lugha yake.

Mwaka 1957 bibi yetu Skolastika alifariki akijifungua, yeye na kichanga chake, akazikwa palepale kambini, na msalaba wake wa mti ukaliwa na mchwa. Babu alihamia Tanga mjini na binti yake, na kila alipoulizwa kaburi liko wapi alijibu, "Mama yako yuko nyuma ya panka, upande wa baharini."

Mama alisoma shule ya msingi hapa Tanga kuanzia 1959 hadi 1966, akaingia mafunzo ya ukunga mwaka 1968, na tangu 1971 hadi alipostaafu mwaka 2006 alizalisha akina mama wa mji huu, na baadhi yenu mliobeba jeneza lake leo mlipokelewa na mikono yake. Tarehe 12 Mei 1973 alifunga ndoa na Tadeo Shekiondo, fundi wa reli, aliyetutangulia mwaka 2004, na Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi, Precious na Bryson, pamoja na wajukuu saba.

Alipostaafu alifunga safari kwenda Kwamsala kumtafuta mama yake, akakuta shamba lilishafungwa, kambi imebomoka, na panka halipo, limekatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu, hata mwaka wenyewe watu hawaafikiani. Mzee mmoja alimwonyesha kwenye michungwa, mwingine akaapa kwamba panka lilisimama barabarani, na Bibi Zuwena, aliyechota maji pale usichanani, alimwambia, "Mwanangu, mlio wake ninao masikioni mpaka leo, lakini pori limenipoteza." Alirudi huko kila kiangazi, nasi tulipomsihi apumzike alitujibu, "Alishakufa, asipotee tena."

Agosti 2011, akiomba maji ya kunywa kwa mkulima mmoja, Mzee Uweso, alimkuta ananoa panga juu ya jiwe la saruji lenye masalia ya chuma, akamuuliza limetoka wapi.

"Nimelikuta hapahapa," alisema Uweso, "na wenzake watatu wamo humo mihogoni."

Ndiyo ilikuwa miguu ya panka. Mama akauliza upande wa baharini kuna nini.

"Huko silimi, mama. Marehemu baba aliniusia, pale pana watu."

Kaburi la bibi halikutambulika kati ya matuta ya makaburi yaliyodidimia huko, basi mama alipiga magoti katikati yake, akasema kwa sauti, "Mama, ni Bibiana, nimekuja," akalia kama mtoto, na Uweso akavua kofia yake akasimama kando mpaka alipomaliza. Tangu hapo kila Novemba tulikwenda naye kuwaombea wote waliolala pale.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa kwa muda mrefu, na alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025 aliitwa na Mola wake hospitalini hapa Tanga, Precious akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wakunga wenzake, majirani ambao hamkuacha jiko letu lipoe, na Mzee Uweso, ambaye yuko nasi hapa.

Siku chache kabla hajatutoka alituusia, "Msije mkawapa wajukuu kazi ya kunitafuta. Andikeni jina langu, na la mama yangu." Jiwe liko tayari, na majina yote mawili yamechongwa.

Pumzika, mama, kwa amani. Ulipolala tunapajua.