Draiva ya Sauti

Kwenye kona moja ya Kijenge, mbele ya kibanda cha Tekla fundi kompyuta, kuna benchi ambalo ikifika saa mbili asubuhi halina pa kukaa. Koikai muuza kahawa anamimina, wateja wake wanabishana. Profesa aliwahi kuwa mlinzi wa chuo, kwa hiyo majibu yote anayo yeye. Injini aliendesha malori miaka thelathini, mpaka macho yakamgomea. Jumanne ile Bariki, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alifika kakumbatia laptop kifuani. Kahawa hakuagiza.

— Imegoma, akasema. Inawaka, inazungusha vile vidoti, inaleta skrini ya bluu, inazima. Halafu inaanza upya. Tangu jana jioni.

Hakuna aliyemtania. Wote walijua laptop ile ni ya mdogo wake, Nelson. Miaka sita iliyopita Nelson aliaga anakwenda machimboni, akamwachia kaka yake laptop yenye nyimbo walizorekodi wawili kijijini kwao Nkoaranga. Simu yake ilipatikana miezi minne, kisha ikanyamaza.

— Hiyo baridi, alisema Profesa. Ukungu wa Meru umeingia ndani. Ianike juani.

— Baridi wapi! Injini akadakia. Hiyo betri. Gari likigoma asubuhi si unalisukuma?

— Laptop unaisukumia wapi, mzee? Koikai akacheka. Hao ni virusi wa mtandaoni, aisee. Ukinunua bando tu, wanaingia nalo. Wanakuangalia mpaka unavyokula.

Tekla alikuwa ameshaichukua, anasoma maandishi madogo chini ya ile skrini ya bluu.

— Ni draiva, akasema. Draiva ya sauti imeharibika.

Injini akaweka kikombe chini.

— Kila kitu dereva! Gari likikata breki, dereva. Barabara ikiwa mbovu, dereva. Sasa mpaka kompyuta?

— Sikusemi wewe, mzee wangu. Ni programu ndogo inayoielekeza kompyuta jinsi ya kutumia spika zake. Ikiharibika, mashine inakwama hata haijaamka vizuri.

— Na kaiharibu nani? Profesa akauliza, kisha akashusha sauti. Mtanicheka, lakini nasema. Nelson. Siku hizi mtu anaiendesha kompyuta yake akiwa popote, kwa simu tu. Kwa nini iharibike sauti, isiharibike kitu kingine? Anatuma ishara, chalii yule. Yupo.

Hakuna aliyecheka. Bariki alimfahamu Profesa. Alijua anatunga hapo hapo. Hata hivyo akilini alimwona Nelson mahali fulani, kachuchumaa na simu mkononi, anabonyeza. Akatamani Tekla asiitengeneze kwanza.

Tekla aliizima kwa nguvu mara tatu, mpaka ikaleta ukurasa wa matengenezo. Akaiwasha katika ile hali salama, ambamo kompyuta inabeba vitu vya lazima tu. Safari hii haikuzima.

— Kaka Bariki, jana ulipakua kitu?

— Kulikuwa na tangazo, linasema boresha sauti ya kompyuta yako. Bariki akakohoa. Sauti ya Nelson ilikuwa inakwaruza. Nikataka nimsikie vizuri.

— Basi ndiyo hiyo. Imeingia jana saa kumi na mbili na dakika tano. Uliiweka mwenyewe.

Bariki akaitikia kwa kichwa. Laiti Tekla angemdanganya, angemshukuru. Profesa akawa anatazama kikombe chake.

Tekla akaifuta ile mpya, akairudisha ya zamani, akaiwasha tena. Vidoti vikazunguka, vikazunguka, vikapotea. Akafungua faili la nyimbo, akabofya wa kwanza.

Zikatoka sauti mbili. Ya Bariki nyembamba, ya ujana. Ya Nelson nzito, inakwaruza vile vile. Katikati ya ubeti Nelson akakosea neno la Kimeru, akaangua kicheko, wakaendelea kuimba wote wawili huku wanacheka. Injini akavua kofia. Bariki alikuwa ameinama, kiganja kakiweka juu ya spika, kama vile anapima joto.

Mzee mmoja kutoka Usa River, Mikaeli, alikuwa amefuata simu yake aliyoileta kutengenezwa wiki iliyopita. Akasimama kusikiliza. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye laptop.

— Huyu mwenye sauti nzito ni nani? Anaimba, huyu.

— Mdogo wangu, akasema Bariki. Tunamsubiri.

— Ahaa. Na yeye anajua kwamba mnamsubiri?

Koikai aliinua birika, asimimine. Injini akageukia barabarani. Wimbo ukaisha wenyewe, na Bariki, bila kuinua kichwa, akasema:

— Dada Tekla, urudishe nyuma kidogo. Pale anapocheka.