Murdo Galbraith na Mti Ulioachwa Ulale

Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba, Murdo Galbraith anastaafu baada ya kuutumikia msitu wetu wa Arrach kwa miaka thelathini na moja.

Aliajiriwa kusafisha njia na kuondoa miti iliyoanguka. Njia alizisafisha. Miti ni habari nyingine. Mwaka wake wa tatu upepo uliulaza mwerebi mkubwa kando ya kijito, na kila alipoambiwa aukate alijishika kiuno. "Mgongo, bosi." Mgongo huohuo ulibeba mapipa ya bia kila sherehe ya Mwaka Mpya. Kwenye faili lake zimo barua tatu za onyo kwa uvivu, na zote niliziandika mimi, kwa lugha safi kabisa.

Miaka minane iliyopita alikuja mtaalamu wa uyoga, Daktari Una Petrie, akapiga magoti kwenye tope akalia. Juu ya ule mti uliokufa uliota uyoga wa vidole vya kahawia, kama mkono uliovaa glavu umeshika tawi. Nchi nzima umebaki sehemu chache mno, kwa kuwa unaishi kwenye mierebi iliyokufa tu, na sisi wenye bidii tumeifagia yote. Bodi ilimpa Murdo cheti cha kuona mbali. Amekitundika chooni.

Wiki iliyopita, alipokuwa akitoa vitu kabatini mwake, nilikuta nakala zake za zile barua. Nyuma ya karatasi hizo amechora vile vidole na kuvihesabu kila vuli, tangu 1998, vilipokuwa saba. Mwaka huu arobaini na kimoja. Nikamuuliza mbona hakutuambia.

"Ningewaambia, bosi, mngeweka kibao, uzio na kamati. Ungekufa kwa mikutano."

Niliona haya, na nimeandika hapa ili wote mjue.

Mrithi wake, Bi Catriona Rennie, ni mchapakazi hasa. Jumanne, kabla hajaonyeshwa lolote, aliamua kuwasafishia njia wageni wa sherehe hii ya kumuaga Murdo, akafika kwenye mwerebi na msumeno wa mashine unanguruma. Murdo akaketi juu ya gogo, akafungua pai yake ya nyama, akala taratibu mvuani.

"Dada, miaka yote hii naambiwa ninyanyuke. Leo ndiyo kabisa sinyanyuki."

Aliketi hadi saa tisa alasiri. Catriona alizima msumeno, akaonyeshwa vile vidole vya uyoga, akaomba radhi. Lakini bidii ni ugonjwa, na sisi wa ofisini tunao pia. Kwa hiyo tumeufungia msumeno kabatini, na ufunguo tumempa Murdo.

Asante, ndugu yetu, kwa kazi zote ulizokataa kuzifanya. Tunakutakia maisha mema huko nyumbani. Ufunguo usiurudishe, hata mimi nikikuandikia barua.