Taa ya Kwanza Iwake kwa Damas

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Sidonia kama huwezi kuacha kulia toka ukalie nje, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema, si ya kubembeleza mtu. Nathan, funga mlango. Baba yenu mdogo Damas asije akapita akasikia, maana leo asubuhi alikuja kunishika mkono, akaniita shemeji mwema, machozi yakamtoka, nami nikamwachia mkono aushike apendavyo. Anadhani nimemsamehe. Kijiji kizima kinadhani hivyo, hata mchungaji amenisifu kanisani.

Lile shamba letu la kilimani nimelikodisha, sikuliuza. Tangu kuuziana ardhi kuwe ruksa wamekuja wengi na magari yao hapa Mlali wakitaka kununua, nikawafukuza. Hawa wa umeme wa jua nimewakubalia kwa sababu ardhi inabaki yenu, na kodi mtagawana sawasawa, Sidonia apate kama kaka zake, asije mtu akaleta habari za binti aliyeolewa. Vioo vyao vitakaa pale juu vinywe jua, pampu ivute maji ya kijiji, zahanati na shule zipate taa, kisha nyumba za watu. Nimeweka sharti moja tu, nalo limo kwenye mkataba niliotia dole gumba: taa ya kwanza iwekwe nyumbani kwa Damas, na siku itakapoondolewa mkataba umekufa, wang'oe vioo vyao waende. Geofrey, yule kijana fundi wa mradi, aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia huyo ni shemeji yangu, nampenda. Mungu anisamehe uongo huo, mengine sijutii.

Sasa jueni kwa nini. Kabla hatujahamishwa, pale kilimani palikuwa na nyumba yetu ya tembe. Boriti zake za mpingo baba yenu alizikata mwenyewe, na kila mtoto alipozaliwa alitia chuma motoni akachoma alama kwenye boriti ya chumbani kwangu: Nathan mstari mmoja, Sidonia msalaba, Optatus mistari miwili, na Miriam, kitinda mimba wangu, duara. Mwaka wa Operesheni Vijiji, serikali ilipotushusha kijijini kwa nguvu, Damas alikuwa mgambo, naye ndiye aliyebaki nyuma kubomoa. Jioni akaja kutuambia nyumba imechomwa moto, haikubaki hata fito. Tukalala chini ya majani, mvua ikaja, ikaja tena, Miriam akaanza kukohoa. Nathan, wewe unakikumbuka kile kikohozi. Nilimzika nikiwa na nguo zilizolowa.

Mwezi haujaisha, Damas akaezeka tembe lake kwa boriti za mpingo. Nikasema mbele ya wazee kwamba boriti zile ni zangu. Damas akaapa kwa jina la mama yake, baba yenu akamwamini mdogo wake akaniacha nimesimama peke yangu, na wazee wakakataa kuingia kukagua kwa kuwa mtu akishaapa hakaguliwi. Mzee Bartolomayo, mkubwa wao, akanitoza mbuzi kwa kusingizia. Nilimpeleka mwenyewe kwa kamba, wakamla, na Damas akala.

Mke wake alipokufa, sisi wanawake tuliomboleza chumbani kwake. Mnajua tembe la huku kwetu lilivyo, halina dirisha, hata mchana humwoni aliyekaa ubavuni mwako, na paa liko chini. Nikainuka, nikapapasa. Vidole vikapita kwenye masizi, vikakuta mstari. Vikakuta msalaba. Vikakuta mistari miwili. Nikasogea kidogo nikakuta duara, nikalishika kwa mikono yote miwili, nikalia kwa sauti, na wenzangu wakadhani namlilia marehemu. Ningesema kitu, Damas angeipasua boriti ile kuni kabla wazee hawajamaliza kukohoa, nami ningetozwa mbuzi mwingine.

Basi nimengoja, na jua limenisaidia. Nimemwagiza Geofrey taa aipigilie kwenye boriti hiyohiyo, ayakwangue masizi kwanza ili misumari ishike. Damas amefurahi, anatangaza kila mahali kwamba siku hiyo atachinja na kuita watu. Nendeni wote, mvae vizuri, mle nyama yake. Bartolomayo macho yake yamechoka siku hizi. Optatus, mshike mkono, upeleke kidole chake kwenye duara, umwambie, hili ni la Miriam.

Naona unatikisa kichwa, Optatus. Najua, alikufundisha kukamua, alikubeba mgongoni. Alikubeba wewe. Mwenzako alimwacha mvuani akaenda kulala chini ya paa lake.

Msimpige. Msimtukane, polisi msiende, na shikamoo yake mpeni kila siku kama kawaida. Atakuja kuwaomba taa iondolewe, kwa sababu hatakuwa na pa kutazama akilala. Mwambieni sawa, baba mdogo, ila kijiji kitakosa maji, kwa hiyo nenda kisimani ukawaeleze akina mama mwenyewe kwa nini hutaki taa.

Mimi mnizike nje ya uzio wa mradi, upande unaotazama mlango wake. Msipande mti juu yangu, utakua, kivuli chake kitaangukia vioo, nami sitaki taa ile ififie hata kidogo.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi. Mwiteni Sidonia aingie. Leteni vichwa vyenu hapa, mkono hauinuki tena, niwekeeni ninyi. Mungu awape watoto, awape mtama ghalani, na mlale pakavu. Mlale pakavu, wanangu, ninyi na watoto wenu, kila mvua inaponyesha... Na taa ile, Nathan... akilia, akipiga magoti... mwacheni alie. Isiondolewe.